Saa ya ukutani ilivyotusaidia kutoa sehemu zenye asili tofauti

Binti yangu alipoingia darasa la tano, kutoa sehemu zenye asili tofauti, yaani zisizolingana namba za chini, kulimshinda kabisa, hasa hesabu hizo zilipoletwa kwa mafumbo. Nilikaa naye jioni kadhaa hapa nyumbani Kibosho, juu ya mji wa Moshi, na ninaeleza kilichotusaidia kwa kuwa najua wazazi wengi wanahangaika na jambo hilohilo.

Fumbo la kwanza nililitunga kutokana na zamu yetu ya mfereji: tumepewa maji kwa robo tatu ya saa, na kumwagilia migomba kumechukua theluthi mbili ya saa, je, umebaki muda gani wa kumwagilia mboga? Aliandika 3/4 − 2/3, akatoa 2 kwenye 3, akatoa 3 kwenye 4, akapata 1/1, yaani saa nzima. Sikumwambia kwamba amekosa. Nilimuuliza kama mtu aliyepewa maji kwa muda usiofika saa moja anaweza kuyatumia kisha akabakiwa na saa nzima, naye akaitazama karatasi kimya kwa muda, halafu akalifuta jibu mwenyewe.

Hapo niliishusha saa ya ukutani, nikailaza mezani. Katika robo tatu ya saa mshale mrefu hutoka 12 hadi 9. Katika theluthi mbili hufika 8. Alipitisha kidole kutoka 8 hadi 9, akahesabu nafasi moja kati ya zile 12, na akasema zimebaki dakika 5. Ndipo tuliporudi kwenye daftari: kigawe kidogo cha shirika (KDS) cha 4 na 3, yaani namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa zote mbili, ni 12, hivyo 3/4 ni 9/12, 2/3 ni 8/12, na tofauti yake ni 1/12. Kwangu hiki ndicho kiini cha jambo lote, kwamba tunatafuta KDS ili vipande viwe vya ukubwa mmoja, kwa sababu robo na theluthi hazitoleki zikiwa hazilingani.

Sehemu mchanganyiko zilileta kosa jingine. Katika 2 1/4 − 1 2/3 alifika vizuri kwenye 2 3/12 − 1 8/12, akaona 3 haitoshi, akaazima 1 na kuandika 13, kama alivyozoea katika namba nzima, ambako moja inayoazimwa huwa kumi. Nilimwonyesha saa tena: saa moja ina nafasi 12, si 10, kwa hiyo 3 inakuwa 15, na jibu ni 7/12, yaani dakika 35.

Kilichotuchukua muda mrefu zaidi kilikuwa lugha ya mafumbo yenyewe. “Tulipewa robo tatu ya saa, tukatumia theluthi mbili ya saa” kunabaki 1/12 ya saa. Lakini “tukatumia theluthi mbili ya muda huo” ni kuzidisha kwanza, 2/3 × 3/4, tunapata nusu saa, na kinachobaki ni robo saa. Maneno yanakaribiana mno, nami naamini watoto wengi hukosa hapa ilhali kutoa wanakujua. Sasa, kabla hajatafuta KDS, binti yangu hupiga mstari chini ya kila sehemu iliyotajwa na kuandika pembeni: “Ya nini?”