Siku ya ishirini na moja

Niliwasikia vifaranga kabla sijawaona. Juzi jioni walianza kulia wakiwa bado ndani ya mayai, na mama yao akawa anawajibu kwa sauti nzito, ya chini, ambayo sijawahi kumsikia akiitoa wakati mwingine. Nilichuchumaa mlangoni mwa banda hapa Mutuini, baridi ya Julai ikinitafuna vidole, nikashindwa kuondoka.

Ni yule tetea wa shingo tupu, uzao wa kuku niliyepewa na mama nilipohamia hapa. Alipoanza kung'ang'ania kiota na kutunisha manyoya, jirani alinishauri nimmwagie maji baridi ili arudi kutaga. "Baba, huyo anakula bure. Mayai peleka kwa mwenye mashine ya kuangulia." Kihesabu hakukosea. Kuku wake walioboreshwa hutaga kuliko wangu, na ni nadra kuatamia, kwa sababu waliochaguliwa kizazi baada ya kizazi ni wale wasiokatiza kutaga. Lakini huyu nilimfugia hamu hiyo hiyo ya kuatamia. Nikanyunyiza majivu chini ya nyasi za kiota kuzuia utitiri, na giza lilipoingia nikamwekea mayai 12.

Siku ya saba niliyamulika kwa tochi, nikatoa mawili yasiyokuwa na mishipa ya damu. Mambo mengine yote aliyajua mwenyewe: kuyageuza mayai, kujinyonyoa kifuani ili ngozi iyaguse, kutoka mara moja kwa siku akanywa, akala upesi, akaoga vumbi, akarudi. Jana wametoka tisa. Usiku sikuwasha jiko la makaa kuwapa joto. Walijazana chini ya mbawa zake, kichwa kimoja tu kikichungulia.

Kuna jambo moja ambalo simwachii. Mwaka juzi ugonjwa wa mdondo (Newcastle) ulipita mtaani, ukamaliza karibu kundi langu lote ndani ya siku chache: mavi ya kijani, shingo zimepinda, na jogoo niliyemlea tangu kifaranga nikamzika mimi mwenyewe. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba kuku wa kienyeji ana kinga yake. Mdondo hauna tiba, ukishaingia umeingia. Napenda kufuga bila madawa, na kwa minyoo ya mbuzi hufunua kwanza kope nikatazama kama utando wa ndani umefifia kwa upungufu wa damu, ndipo nimpe dawa anayehitaji tu. Kwa mdondo sina mjadala. Hata hawa tisa watapata tone lao la chanjo jichoni.

Mbuzi wetu wa maziwa, wa aina ya Toggenburg, naye alizaa mapacha mwezi uliopita. Niliambiwa niwatenge siku ile ile, niwanyweshe kwa chupa, nipime kila tone. Sikuweza. Walisimama wakiyumba, wakaipata dang'a kwenye chuchu ya mama yao kabla ya saa nzima kupita. Sasa usiku wanalala chumba cha kando, asubuhi nakamua kiasi cha lita moja, kisha nawafungulia, na mchana kutwa maziwa ni yao. Ya chai yanatosha. Ya kuuza hayapo kwa sasa, nayo karo ya muhula inakaribia, na kuna usiku ambao hilo linaninyima usingizi. Asubuhi nikiwaona wakipiga kiwele kwa vichwa na mikia ikitikisika, sina moyo wa kubadilisha.

Leo adhuhuri jua lilipochomoza kidogo, tetea amewatoa nje kwa mara ya kwanza. Amewapeleka moja kwa moja chini ya banda la mbuzi, pale sakafu ya mbao inapodondosha samadi na mabaki ya majani ya kaliandra, mti wa malisho. Akaparura mara mbili, akapata buu, hakulimeza. Akaliweka chini, akaita. Kifaranga mmoja akalinyakua, akatimua mbio nalo, wanane wakimfuata.