Kito kupigishwa mswaki

Simba wangu alianza na kucha. Alikuwa na miaka tisa, mbwa aina ya German Shepherd aliyelinda uwanja wetu hapa Chikongola, Mtwara mjini. Usiku nikawa nasikia miguu ya nyuma ikikwaruza sementi: kwaru, kwaru. Miezi ikapita, akawa anakanyagia mgongo wa wayo, kiuno kinayumba kama mlevi, wala halii maumivu. Daktari wa mifugo alishuku ugonjwa wa kurithi, uti wa mgongo unaokufa taratibu, ila uhakika hupatikana kwa kuupima uti wenyewe mbwa akishakufa. Nilimzika bila kumpima.

Nilipompata Kito, jike wa aina ileile, nikaapa hapandwi mpaka nijue kama anaubeba ugonjwa ule.

Kinachopimwa ni jeni moja, SOD1. Mtoto huchukua nakala moja kwa mama, moja kwa baba. Zikiwa na kasoro zote mbili yuko hatarini, ingawa si lazima augue. Ikiwa moja tu, huyo ni mbebaji: kwa kawaida haugui, ila anaweza kuirithisha. Kinachotuponza wafugaji ni umri. Dalili hujitokeza kwenye miaka minane hivi na kuendelea, mbwa ameshazaa matumbo kadhaa na watoto wametapakaa hadi Newala.

Sindano haipo. Unasugua kijibrashi ndani ya shavu, unakituma maabara. Mimi nilituma Uingereza. Mara ya kwanza nilikifunga kibichi ndani ya nailoni, tena mwezi wa tatu, na joto la Mtwara mnalijua. Kikaota ukungu. Jibu likaja: sampuli haifai, leta nyingine. Pesa ya bahasha na posta ikaenda hivyo.

Mara ya pili nilimchukua alfajiri kabla hajala. Bibi jirani, ambaye kwa ajili ya mate ya mbwa hasogei karibu na ua wangu, akachungulia.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba. Mjukuu wangu, huyo naye unampigisha mswaki?”

“Nachukua mate, bibi, yakapimwe Ulaya.”

“Ulaya! Sisi hata hapo hospitali ya Ligula tunakwenda kwa kusukumwa.”

Safari hii kijibrashi nilikisimamisha kwenye glasi juu ya kabati mpaka kikakauka kabisa, ndipo nikakitia kwenye bahasha ya karatasi.

Majibu: Kito ni mbebaji. Nilitaka kumfunga kizazi siku hiyohiyo. Daktari akanizuia. Akipandwa na dume safi, hakuna mtoto atakayepata nakala mbili mbovu. Hatari ni kukutanisha wabebaji wawili, hapo kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kuzipata zote mbili. Ukimtupa kila mbebaji, unatupa na mbwa wenye akili na tabia njema.

Kazi ikawa mwenye dume, kule Masasi. “Kaka, dume wangu anaruka ukuta, nimpime nini?” Nilimkumbusha kwamba Simba naye aliruka. Hakushawishika mpaka niliposema gharama ni yangu, korosho zikishauzwa. Akatoka safi.

Nyonga mbovu ni habari nyingine. Hizo hubebwa na jeni nyingi pamoja na lishe na uzito, kwa hiyo brashi haisaidii, ni eksirei. Nilisubiri Kito atimize miaka 2, tukapanda pikapu hadi Dar, zaidi ya kilomita 500. Wakamlaza kwa dawa, chali, miguu imenyooshwa. Daktari akanionyesha kwenye picha: vichwa vya mifupa ya paja vimezama vizuri ndani ya vikombe vyake. Mgongo wangu ndio uliohitaji eksirei.

Kazaa saba. Wanunuzi wengi huuliza kitu kimoja, “Mkali?” Hata hivyo kwenye kadi ya kila mmoja, chini ya nafasi ya chanjo ya kichaa cha mbwa, nimeandika: mama mbebaji, baba safi. Mwalimu mmoja wa Lindi aliyechukua jike ndiye pekee aliyesoma mpaka chini, akaniuliza itakuwaje akitaka kumzalisha. Nimempa kijibrashi kimoja nilichobakiwa nacho, na bahasha ya karatasi.