Fundi mwenzangu kwenye waya wa taa

Taa ya barazani kwangu iliungua siku nyingi. Nilimwambia mume wangu aibadilishe, akanijibu "kesho", na wanaomjua wanajua kesho yake ilivyo ndefu. Umeme wa pale tukaukata, balbu tukaitoa, ukabaki waya mweusi unaning'inia na holda tupu, hatua moja na nusu kutoka kwenye kiti changu cha cherehani. Mimi ni fundi wa nguo, na kazi zangu zote nazifanyia hapo barazani kwa ajili ya mwanga.

Asubuhi moja nikakuta utando wa buibui umezungushwa kwenye ile holda. Nikaufagia. Kesho yake umerudi, safari hii na majani mawili makavu yamenata. Nikafagia tena, huku nikimlaumu buibui. Siku ya tatu nilikuwa natunga uzi kwenye sindano, nikainua macho kuutafuta mwanga, nikamwona mwenye mali: ndege mdogo wa kahawia, mdomo mwembamba uliopinda kama sindano ya kushonea magodoro, kashika utando mdomoni na anauzungusha kwenye waya. Nikaona haya. Mara mbili nimebomoa nyumba ya mtu.

Alikuwa chozi, ndege mnyonya maua. Dume lake nilikuwa nikimwona kila siku kwenye maua ya uani bila kujua kwamba tutakuja kuwa majirani: mweusi ti, utosi wa kijani kinachometameta, na kidari chekundu cha kukufanya usimamishe kazi. Kwa kitaalamu anaitwa Chalcomitra senegalensis, jina lenye Senegal ndani yake, ingawa yeye na jamaa zake wameenea mpaka kusini mwa Afrika. Jike hana mapambo hayo. Ana rangi ya jani lililokauka, na nilipoona kazi iliyokuwa ikimsubiri nikaelewa ni kwa nini.

Kazi yote alifanya yeye. Dume alikuwa anakaa kwenye ncha ya tawi akiimba, akimfukuza kila mwenye mabawa aliyepita karibu, lakini hata jani moja hakubeba. Nikamwita mume wangu aje aone. Akatazama kidogo, akasema, "Yule analinda, mke wangu." Nikamwambia hata wewe unalinda taa.

Nimeshona miaka mingi na naweza kukuambia fundi mzuri ni yupi kwa kumtazama anavyoanza. Yule ndege hakuanza na kuta, alianza na kamba. Siku mbili nzima alizungusha utando wa buibui tu kwenye waya, akavuta, akajaribu kwa uzito wake mwenyewe kama utashika. Ndipo akaleta nyasi, majani, vipande vya magamba ya miti, akavibandika kwa utando huo huo mpaka ukawa mfuko unaoning'inia. Kisha akatoboa tundu ubavuni, akaingia, nikaanza kuona mfuko mzima unatikisika. Alikuwa anausukuma kwa kifua kutoka ndani, anazunguka, anasukuma tena. Anaupima kwa mwili wake! Juu ya tundu akaweka kibaraza kidogo, kama ukingo wa kofia, mvua isiingie. Ndani akatandika sufi na manyoya. Chini akaacha majani makavu na takataka zinaning'inia ovyo, na hapo ndipo nilipodhani ameshindwa kumalizia pindo, mpaka alipokuja mteja mmoja, akatazama juu, akaniuliza, "Fundi, hiyo takataka mbona huitoi?" Kumbe ndiyo maana. Ukikiangalia kiota kile haraka unaona uchafu ulioletwa na upepo.

Lakini katika zile takataka niliona kitu kingine: uzi wa buluu. Wangu. Wiki ile nilikuwa nashona mashati ya buluu, na ninapokata nyuzi huwa naziacha zianguke sakafuni, nafagia jioni. Yeye alikuwa ananitangulia kufagia. Nikafurahi sana, nikawaonyesha wateja wote. Nakumbuka nilikata hata vipande vya ziada nikaviacha makusudi ukingoni mwa baraza, virefu, maana nilidhani virefu ndivyo vizuri. Hili nitalirudia.

Kiota kilipokwisha akatoweka siku nne. Nilijiona ndiye niliyemfukuza na mlio wa cherehani. Siku ya tano akarudi, akaingia, akakaa. Nilisubiri atoke kwenda kula, nikapanda kwenye kigoda na kioo kidogo cha mkononi, nikakielekeza mlangoni: yai moja, dogo, lenye madoadoa. Kesho yake mawili. Basi, sikuchungulia tena mpaka yalipoanguliwa. Ndege akishtuliwa mara kwa mara siku zile za mwanzo anaweza kuyaacha mayai yake akaenda kuanza upya kwingine. Tulifundishwa utotoni kwamba mama ndege akisikia harufu ya mtu kwa mtoto wake anamtupa. Si harufu. Ni usumbufu, na mimi kwa usumbufu nilikuwa na cherehani tayari.

Ajabu ni kwamba cherehani hakuijali hata kidogo. Nilikanyaga mchana kutwa naye anaatamia, mdomo wake umechomoza mlangoni. Alichokiogopa ni kivuli. Mtu akisimama ghafla kati yake na mwanga, anachomoka kama mshale. Nikahamisha kiti upande wa pili, nikawa nashona na jua la machoni.

Dume naye akaniletea kesi yake. Nina kioo kirefu cha wateja kujitazamia nguo, na siku moja akajiona humo. Sijaona ugomvi wa namna ile. Alipiga kioo kwa mdomo, akarudi nyuma, akapiga tena, saa nzima, na kila alivyokasirika adui naye alizidi kukasirika. Ilibidi nikifunike kioo kwa shuka. Wateja wakawa wanapima nguo, nafunua, wanajitazama upesi, nafunika. Mmoja aliniambia gauni linambana kiunoni, hakupata hata nafasi ya kugeuka. Huyo nilimrudishia gauni kwenye mashine, nikampanulia bila malipo. Gharama za ujirani.

Aliatamia siku kumi na nne. Nilijua wameangua kwa sababu mama alianza kuingia na kitu mdomoni: buibui, viwavi vidogo, vidudu laini visivyo na mabawa. Watu wengi wanafikiri chozi anaishi kwa maji matamu ya maua tu. Mtu mzima, sawa, anaweza kuyategemea kwa sehemu kubwa, lakini mtoto hajengi nyama kwa maji ya sukari. Dume naye, nakiri, hapa alinyanyuka. Hakuleta mara nyingi kama mama, ila alileta. Mume wangu aliposikia alicheka siku nzima.

Makinda walikuwa wawili, uchi, macho yamefumba, midomo mifupi isiyofanana kabisa na ya wazazi wao. Kila baada ya kulishwa, kinda anageuka, anatoa choo kilichofungwa kwenye kifuko cheupe, na mama anakichukua mdomoni anakwenda kukitupa mbali. Nilichafuliwa kitambaa kimoja tu kwa muda wote ule, na hicho alikichafua kunguru.

Kiota nacho kikawa kinapanuka. Hili kama fundi lilinishangaza kuliko yote. Makinda walipokua, mfuko ulitanuka nao, haukupasuka mahali popote, kwa sababu utando wa buibui unanyumbuka. Amewashonea wanawe nguo yenye mpira, na wakati anaishona walikuwa hawajazaliwa.

Siku ya kumi na sita tangu waanguliwe, asubuhi, wa kwanza akatoka. Alikaa mlangoni muda mrefu, mama anamwita kutoka kwenye kichaka na mdudu mdomoni hampelekei, akarusha mwili wake kama mtu anayeruka shimo, akafika. Nikapiga makofi peke yangu.

Wa pili akafuata baada ya dakika chache, na hakufika popote. Alianguka akakomea hewani, kichwa chini, anapigapiga mabawa chini ya kiota. Nilidhani amekamatwa na nyoka. Nikasogea nikaona mguu mmoja umevutwa juu, na kinachouvuta ni uzi wa buluu.

Nyuzi za siku hizi hazikatiki hovyo, na hiyo ndiyo sifa ninayozinunulia. Nilimwita mume wangu, naye akasema, "Muache, mke wangu, mama yake atamtoa." Mama yake alikuwa anaruka huku na huko akilia, na utando wa buibui angeukata kwa mdomo lakini ule uzi asingeuweza. Nikapanda kigoda na mkasi wangu mdogo wa kukatia nyuzi. Mikono iliyoshona mashela ya maharusi bila kutetemeka ilitetemeka pale. Nikamshika kwa kiganja, hana uzito kabisa, ni joto tu na moyo, nikakata juu. Kisha nikakaa chini, nikavaa miwani, nikaufungua uzi uliobaki mguuni kwa ncha ya sindano, mzunguko mmoja mmoja. Ilikuwa mizunguko mitano. Mguu ulikuwa umevimba kidogo na una alama. Hakunidonoa. Nikampeleka kwenye kichaka alikokuwa nduguye, nikamweka kwenye kitawi, akashika kwa mguu mmoja, mwingine akaukunja.

Nikarudi kwenye mashine na sikushona kitu mpaka jioni.

Machweo ya siku ile kinda mmoja alirudi kulala kwenye kiota. Mmoja, si wawili. Na kesho yake vilevile, mmoja. Nilijaribu kuona ni yupi lakini aliingia haraka na giza lilikuwa limeshaanza. Usiku wa tatu hakurudi yeyote. Nilikuwa nimeshamhesabu mwenye uzi kuwa amekwenda, mpaka baada ya siku kama nane nikawaona watatu kwenye maua ya uani: mama na wawili wanaofanana naye kabisa, midomo imeanza kupinda. Mmoja alitua kwa mguu wa kushoto, akakaa na wa kulia umekunjwa. Ndege wengi hukaa hivyo, hata wazima. Baadaye akaushusha akaruka nao. Sitasema zaidi ya nilivyoona.

Sasa nina kopo la nyuzi kando ya cherehani. Kila ninachokata kinaingia humo, na vikitoka vinakatwakatwa vifupi kabla ya kutupwa. Wateja wanadhani nimekuwa msafi.

Juzi mume wangu ameleta balbu. Kweli, ameinunua mwenyewe, hakuna aliyemkumbusha. Iko kwenye droo ya cherehani pamoja na bobini, kwa sababu asubuhi ile ile nilimwona jike juu ya waya, anavutavuta sufi kwenye mlango wa kile kiota cha zamani, anaingiza kichwa, anatoka, anaingiza tena. Mume wangu ananiuliza taa tunaifunga lini. Nimemwambia kesho.