Siku tatu juu ya mustari moja

Bandugu, leo niko na furaha, acha niwaambie.

Kuna depo moja ya dawa hapa Goma, programu yao ya stoki iliandikwa na mutu alishaenda zamani, hakuacha hata karatasi moja ya maelezo. Mafaili ya PHP (luga ya kuandika programu) tu, mengi, na majina kama test2, test2_mpya.

Siku tatu natafuta kitu kimoja: ni wapi inapunguza stoki mutu akiuza? Nilianzia kwa kifungo cha kuuza, nikafuata fonksyo moja mpaka ingine, nachora mishale kwenye karatasi kubwa, grep (komandi ya kutafuta neno ndani ya mafaili) kila saa.

Inaandika mauzo, basi. Hakuna pahali inagusa stoki. Na stoki inapungua!

Leo asubui umeme ukakatika, nikabaki naangalia tu ile karatasi. Mishale yote inaingia kwenye tabulo ya mauzo, hakuna hata moja inatoka. Njo nikajiuliza, na kama kazi inafanyika ndani ya baze yenyewe, kule data zinawekwa?

Umeme kurudi, nikaandika SHOW TRIGGERS, komandi ya kuonyesha trigger, ni kusema maagizo baze inafanya yenyewe kama data inaingia (MySQL, ile baze, iko nazo tangu toleo 5.0, mwaka 2005).

Iko pale. Mustari moja: mauzo ikiingia, toa kwenye stoki.

Nikachora mushale wa mwisho na biki nyekundu, polepole kabisa, mukono unatetemeka.

Benye munafanyaka hii kazi, mukipewa programu haina maelezo munaanziaka wapi, kwa kodi ao kwa baze? Muniambie.