Meza ya kale ya Kiingereza na kiangazi cha Dodoma

Meza ya kuandikia iliyokaa miaka mingi Tanga au Dar es Salaam, ukiipandisha Dodoma mwezi Julai, usishangae ikianza kulia usiku. Kule pwani mbao zilishiba unyevu. Huku mvua ni za Desemba hadi Aprili, miezi iliyobaki ni jua na upepo mkavu. Mbao zinasinyaa, na kinachoumia kwanza ni vinia. Iache itulie miezi miwili mitatu, mbali na dirisha na kiyoyozi, ndipo umwite fundi.

Vinia ni ubao mwembamba wa mti wa thamani uliogundishwa juu ya mbao za kawaida, mara nyingi paini au mwaloni. Kwenye meza za Kiingereza za miaka ya 1700 ilipasuliwa kwa msumeno wa mkono, ikatoka na unene wa milimita 1.5 hadi 3: walnati mwanzoni, kisha mahogani, hasa baada ya Uingereza kufuta ushuru wa mbao za makoloni yake ya Amerika mwaka 1721. Vinia ya kiwandani ya siku hizi ina kama milimita 0.6. Ukiipitishia mashine ya msasa imekwisha, unabaki unaangalia paini.

Chunguza kifuniko cha byuro, ile meza yenye mlango wa mshazari unaoteremshwa kuwa mahali pa kuandikia. Ncha zake mbili huwa na vipande vya mbao vinavyokingama nyuzi za ubao wa kati, ili usipinde. Sasa, mbao husinyaa kwa upana. Kwa urefu karibu hazisinyai kabisa. Ubao wa kati unapungua, kipande cha ncha kinabaki vilevile, na vinia iliyolazwa juu ya maungio inapasuka mstari ulionyooka. Ufa huo usiuzibe kwa puti ngumu mwezi Oktoba. Mvua zikija mbao zitavimba, puti haitabonyea, vinia itainuka. Jaza nta laini yenye rangi ya mti, inatosha.

Mahali vinia ilipoachia panajulikana kwa ukucha: ukigonga, panalia tupu. Gundi ya zamani ni ya ngozi, inalainika kwa joto na unyevu, ndiyo maana meza hizi zinatengenezeka. Gundi nyeupe ya dukani inaharibu utaratibu huo, kwa sababu ikishakauka gundi ya ngozi haishiki juu yake, na fundi atakayefuata atalazimika kuikwangua yote. Gundi ya viatu ni mbaya zaidi: kwa joto la Novemba inateleza.

Loweka punje za gundi ya ngozi, sehemu 1 kwa maji baridi sehemu 2 kwa uzito, usiku kucha. Weka kopo ndani ya sufuria ya maji ya moto, nyuzi 60 hivi. Ikichemka inapoteza nguvu. Hewa ya huku hunyonya maji haraka, kwa hiyo ongeza matone kila inapokuwa nzito. Chana uvimbe kwa wembe kufuata nyuzi, futa uchafu kwa maji ya uvuguvugu, ingiza gundi, kisha kandamiza kwa jiriwa juu ya kibao kilichopashwa moto, kati ya kibao na vinia ukitia karatasi ya nailoni. Kwenye mbinuko, mfuko wa mchanga wa moto unafuata umbo vizuri kuliko kibao. Fungua kesho yake. Pasi ya moto wengi huikimbilia, lakini juu ya vanishi ya spiriti inaacha doa jeupe.

Pengo likihitaji kiraka, kikate umbo la mtumbwi, ncha zikifuata nyuzi. Mstari unaokata nyuzi kwa mraba utaonekana hata kutoka mlangoni. Kiwe kinene kidogo kuliko vinia ya zamani, halafu kishushe kwa ukingo wa kipande cha kioo, taratibu, ukikwangua kiraka peke yake.