Mkwaju Uliopaa Juu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Somo letu wiki hii ni Isaya 49:4, pale mtumishi wa Bwana analalamika kwamba amejitaabisha bure na nguvu zake zimeishia hewani, kisha hapo hapo anasema haki yake iko kwa Bwana. Nimekaa na mstari huu tangu Jumapili, na kila nikiusoma anayenijia ni beki wa Italia, Franco Baresi.

Mliotazama fainali ya Kombe la Dunia ya 1994 mnamkumbuka. Ni 17 Julai, Pasadena, Marekani, jua la mchana. Italia na Brazil wamemaliza dakika 120 bila goli, wanaingia kwenye matuta, yaani mikwaju ya penalti. Nahodha Baresi anatangulia. Anapiga, mpira unapaa juu ya mtambaa wa panya. Brazil wakashinda 3-2, na Baresi akalia machozi mbele ya dunia nzima.

Lakini rudini nyuma siku 24. Kwenye mechi na Norway, mashindano yakiwa ndiyo kwanza yanaanza, goti lake liliumia akatoka uwanjani, na ikabidi afanyiwe upasuaji. Alikuwa na miaka 34. Nani angemlaumu kama angekaa jukwaani na magongo yake? Fainali ilipofika, beki mwenzake Costacurta alikuwa na adhabu ya kadi, na mzee yule akaingia kulinda ukuta dhidi ya washambuliaji wa Brazil, Romário na Bebeto. Dakika 120, goti limetoka kupasuliwa, misuli inamkaza, na wale wawili hawakupata goli hata moja. Hiyo ndiyo kazi ya beki, ndugu zangu. Goli ambalo halikuingia haliandikwi ubaoni.

Na hakuanzia hapo. Kijana huyu wa Travagliato, karibu na Brescia, alifiwa na mama na baba akiwa bado mdogo. Klabu ya Inter walimchukua kaka yake Giuseppe, yeye wakamkataa, akaenda klabu ya Milan. Milan ikashushwa daraja mwaka 1980 kwa kashfa ya kupanga matokeo, ikapanda, ikashuka tena 1982. Kiangazi hicho hicho Italia ilichukua Kombe la Dunia naye akiwa kikosini, japo hakucheza. Kijana wa miaka 22 mwenye medali ya dunia, akarudi kucheza daraja la pili, na kitambaa cha unahodha mkononi. Hapa huwa nasimama kila mara. Vikombe vilikuja baadaye, vitatu vya klabu bingwa Ulaya, na alipostaafu 1997 Milan waliiweka jezi namba 6 kando. Ila mwaka ule wa 1982 hakuna aliyejua kama vitakuja.

Niwaambie kwa nini jambo hili limenishika. Mama yangu alimuuguza baba miaka miwili. Alikuwa anaamka saa kumi za usiku kufua mashuka kabla majirani hawajaamka, ili baba asione aibu. Uji alimnywesha kijiko kwa kijiko, na kila kijiko alikijaribu kwanza mdomoni mwake kama kimepoa. Baba akafariki. Siku ya matanga, mtu mmoja akamuuliza mbele za watu: "Kumbe hamkumpeleka hospitali kubwa mapema?"

Mama hakujibu. Aliangalia mikono yake.

Yule aliyeuliza alikuwa ameona mkwaju uliopaa tu. Yale mashuka hakuyaona, wala vile vijiko. Nami nilikasirika kwa muda mrefu, nikidhani ni lazima mtu asimame atetee jina la mama yangu. Isaya ananituliza. Mtumishi yule hasemi kazi yake imefanikiwa. Anakiri waziwazi kwamba haoni kitu. Anachokishika ni kwamba Mungu ndiye anayeishika hesabu, na hesabu hiyo haianzi dakika ya mwisho. Mungu aliona saa kumi za usiku.

Jumatano tukikutana kwa maombi, nitamtaja mama kwa jina. Ninyi nanyi leteni majina: yule anayeuguza, yule mwalimu wa watoto ambaye darasa lake limebaki na watatu, yule aliyepatanisha ndugu na bado wakatengana. Tutawataja mmoja mmoja, bila haraka.