Picha za makumbusho ya Khartoum

Wiki hii nimefanya kazi na watafiti wawili wa Kisudani waliokimbilia Kampala baada ya vita kulipuka Khartoum, Aprili 2023. Tunapanga picha za zamani za vitu vya Makumbusho ya Taifa ya Sudan, kila kitu na namba yake, ili kikijitokeza sokoni huko nje kitambulike.

Habari za Faras, mji wa kale wa Wanubi kaskazini mwa Sudan, hazinitoki kichwani. Misri ilipotaka kujenga Bwawa Kuu la Aswan, ilijulikana kuwa maji yangefunika sehemu kubwa ya Nubia, eneo la kusini mwa Misri na kaskazini mwa Sudan. Mwaka 1960 UNESCO ikaomba msaada wa dunia. Wanaakiolojia wa Poland, wakiongozwa na Kazimierz Michałowski, wakafukua kanisa kuu la Faras lililozikwa mchangani, wakakuta michoro ya ukutani zaidi ya 120: malaika, watakatifu, maaskofu wa Kinubi wenye ngozi nyeusi kama yetu. Mingi wakaibandua kabla maji hayajafika. Sehemu ikaenda Warsaw, sehemu ikapelekwa Khartoum, katika makumbusho hayohayo ambayo Machi 2025, jeshi liliporudi mjini, yalikutwa yameporwa. Inauma sana.

Mmoja wa watafiti hao wawili, dada aliyewahi kufanya kazi pale, akiona picha tu anakwambia kitu kilikaa chumba gani, rafu ipi. Ujuzi huo haumo katika daftari lolote, ndiyo maana tunaandika kila neno analosema.

Kama uliwahi kutembelea makumbusho yale ukapiga picha, hata za simu, usizifute. Niandikie inboksi, tunazihitaji.